Ndoana Tupu ya Chepe

Mwinyi Sekiondo alikuwa na bwawa, na bwawani mlikuwa na kuyu wanono aliojihalalishia kuwala peke yake. Samaki hao walipopungua, alimwita Chepe, mvuvi fukara, mbele ya kijiji kizima.

"Umeniibia. Leo unahama na chungu chako."

"Kabla sijahama, Mwinyi, tazama ninachovulia. Majirani ni mashahidi: sina kingine."

Chepe akautoa mshipi. Ndoana ilikuwa tupu. Punje ya hindi ilining'inia chini yake kwa unywele wa mkia wa ng'ombe.

Sekiondo alicheka hadi kofia ikamdondoka. "Chambo nje, ndoana uchi! Nani kakufunza, mbuzi? Kuyu huitema ndoana iliyofichwa ndani ya chambo, sembuse hii!"

"Mafundi hufunga hivi, Mwinyi."

"Mafundi gani, ewe zumbukuku? Nimekula samaki kabla babaako hajaota meno. Kwa hiki hupati hata kiluwiluwi!"

"Waapa?"

"Naapa mbele ya hawa wote!"

"Basi mwizi wako ni mwingine," alisema Chepe, akaukunja mshipi wake taratibu. Kijiji kikaangua kicheko. Sekiondo akainama kuiokota kofia yake.

Nyumbani kwa Chepe, mkewe alikuwa akimpaka chumvi kuyu wa tatu. "Hivi chambo kikiwa nje, hunaswaje hawa?"

"Kuyu mjanja hamezi. Huifyonza punje, akiihisi ndoana huitema kwa dharau, na hapo ndipo inapomshika mdomo."

"Na Mwinyi je?"

"Naye alitema."