Mwindaji Aliyeingia Kijijini Kifua Wazi

Mtu mmoja alikuwa na mabega mapana, na mabega hayo ndiyo yaliyomponza. Aliitwa Mihayo. Alikuwa mwindaji wa gobore, enzi zile ambazo pori halikuwa na mpaka wala mlinzi, akiishi na mkewe Nyamizi katika kijiji kidogo pembezoni mwa miombo. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema ili msije mkamhukumu kabla sijamaliza, maana mimi nampenda, na kila nikimkumbuka natabasamu peke yangu.

Alikuwa mkarimu hasa. Akiua swala, hapakuwa na nyumba iliyolala bila kitoweo. Wazee wasio na meno aliwapelekea maini. Maganga, msukaji matenga, ambaye mguu wake mmoja ulipooza tangu utotoni, aliletewa paja zima mpaka mlangoni. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa Mihayo usemi huo uligeuka ukawa kweli tupu: akikukuta njiani na gunia la mahindi, hulitwaa bila kukuuliza, akaenda nalo huku anapiga mluzi.

Lakini kumbebea Mihayo mzigo wake, hilo halikuwezekana. Ukimpokea gobore, anacheka na kulirudisha begani. Ukimpelekea bakuli la unga, kesho linarudi limejaa kuliko lilivyokwenda. Homa ilipompata mwaka fulani, alijifungia ndani, akamkataza mkewe asimwambie mtu, akatetemeka peke yake mpaka ikamwacha. Nyamizi alizoea kumtania, "Mume wangu, hata maji ya kuoga unajitekea. Mimi uliniolea nini?" Naye hucheka, akachukua ndoo akaenda kisimani. Hakuwahi kugundua kwamba mkewe alikuwa anatania nusu tu.

Sasa, palikuwa na mjane aitwaye Kalunde, mke wa rafiki yake marehemu. Binti wa Kalunde aliposwa na watu wa ng'ambo ya mto. Kwa mila ya kule, wageni wanaokuja kumchukua bibi arusi hulishwa na upande wa binti, na wakirudi kwao na njaa, binti huingia ukweni na sifa hiyo na kuzeeka nayo. Kalunde hakuwa na mbuzi wala kuku. Mihayo akamwambia, "Shemeji, lala usingizi. Nyama niachie mimi." Vijana wakajitolea kufuatana naye porini, akawaambia wabaki wajenge vibanda vya wageni. Maganga akachechemea hadi kwake na matenga mawili mapya ya kubebea nyama. Mihayo akayageuza-geuza, akayasifu kwa moyo wote, kisha akamwambia amtunzie tu. Maganga akarudi nayo kichwani, yote mawili, matupu.

Mwaka ule mvua zilichelewa na wanyama walikuwa wamehamia mbali. Mihayo alivuka miombo, akavuka mbuga, akaingia katika vilima ambavyo hata baba yake alivijua kwa kusimuliwa tu. Huko akampata tandala dume, mkubwa ajabu, pembe zimejisokota kwenda juu. Akapiga mara moja. Alipomfikia alipiga magoti, akamshukuru Mungu, na moja kwa moja akamwona moyoni mwake binti wa Kalunde akitoka nyumbani kwao kichwa juu. Akachuna, akapasua, akajenga uchanja wa miti mibichi na kuikausha nyama kwa moshi. Ilipopungua maji aliifunga mafungu, na fungu la mwisho likawa kichwa na pembe zake. Kisha akasimama akayatazama mafungu yale, halafu akayatazama mabega yake. Mungu alikuwa amempa zaidi ya uwezo wa mabega.

Wawindaji wa kijiji kile walikuwa na desturi kwa siku kama hiyo. Mtu akiua mnyama asiyebebeka, hulivua shati lake lenye jasho, akaifunika nyama, akaizungushia miiba. Fisi akinusa jasho la mtu husitasita. Huzunguka kwa mbali kutwa nzima kabla hajapata ujasiri. Mwindaji naye hurudi kifua wazi. Wala hahitaji kusema neno: watu wakimwona anaingia kijijini bila shati, wanajua ameua na ameshindwa kubeba, wanachukua matenga wanamfuata. Vijana walifanya hivyo kila msimu, wakiingia wanacheka na vifua vyao vyembamba, na ilikuwa furaha ya kijiji. Mihayo hakuwahi. Palikuwa na desturi nyingine iliyomkaba vilevile: pembe si za aliyeua, ni za aliyezibeba mpaka nyumbani. Pembe zote zilizopangwa juu ya mlango wa Mihayo, alizibeba mwenyewe.

Basi akapiga moyo konde. Alibeba fungu la kwanza mpaka pale macho yake yalipoweza bado kuona yaliyobaki, akalitua, akarudi kuchukua la pili, akarudi tena kuchukua la tatu, mpaka yakakutana yote, ndipo akaanza upya. Njia ambayo mtu huipita mara moja, yeye aliipita na kuirudia na kuipita tena, kama mtu anayeshona nguo ndefu kwa uzi mfupi. Katika vilima aliweza. Usiku alilala katikati ya mafungu na moto pande zote. Ngozi ya mabega ikachubuka, na kila alipoinua pembe zilinasa kwenye vichaka, akalazimika kurudi kinyumenyume kuzinasua. Hata hivyo aliimba. Alikuwa anajiona anavyoingia kijijini na nyama yote, na watu wanashika vinywa.

Alipofika mbugani mambo yakaharibika. Mbugani nyasi ni ndefu na hakuna mti wa kutundikia kitu. Alirudi kuchukua fungu la pili. Alipofika na la pili, la kwanza halikuwapo. Palibaki kamba aliyofungia na nyayo za fisi. Lile lilikuwa paja alilowatengea wazee wa bwana arusi. Akasimama kidogo, akajisemea kwamba ni fungu moja tu, akaendelea kwa haraka zaidi. Jua lilipoanza kuinama, lilikwenda fungu jingine, safari hii akiwaona fisi kwa macho yake, akiwapigia kelele kutoka mbali huku pembe ziko kichwani na miguu haiwezi kukimbia. Akakaa chini. Akafanya hesabu ambayo mwindaji yeyote chipukizi angeifanya mapema: akiendelea hivi, atafika kijijini na mabega yake, na heshima yake, na pembe. Na pembe hazipikwi.

Alilala pale akiwa ameyakumbatia yaliyosalia. Kulipokucha aliona kwamba ameshafika ukingoni mwa mbuga, mahali ambapo mtu asiye na mzigo hufika kijijini kabla ya jua la utosi. Akaweka mkono kwenye kifungo cha shati, akauondoa. Akauweka tena. Aliwaza jinsi watakavyosimama kumtazama, yeye Mihayo, kifua wazi, na mvi zake za kifuani. Aliwaza watakavyosema kumbe hata yeye. Nawaambia, mtu yule alikuwa amesimama mbele ya nyati aliyejeruhiwa bila kupepesa macho, na sasa aliogopa kifungo cha shati. Nusura abebe tena. Kilichomsimamisha si fisi wala uchovu. Alimkumbuka Kalunde, ambaye huenda saa ile alikuwa ameshateleka maji jikoni kwa ajili ya nyama ambayo haijafika, kwa kuwa yeye alimwambia alale usingizi. Akaona kwamba aibu ipo, lazima mtu aivae, na kilichobaki ni kuchagua baina yake mwenyewe na binti yule asiye na kosa. Akavua shati. Akaifunika nyama, akaifunika na pembe, akakata miiba akaizungushia, akaondoka mikono mitupu.

Aliingia kijijini kwa njia kuu, kwa sababu alishaamua. Wanawake walikuwa wanatwanga. Mchi mmoja ukanyamaza, kisha mwingine, kisha yote. Nyamizi alikuwa wa mwisho kugeuka. Alimtazama mumewe usoni, akamtazama kifuani, akatazama mabega yaliyochubuka, na mchi ukamponyoka. Mihayo akainamisha kichwa kungoja kicheko. Alichokisikia ni kigelegele, cha mkewe, kirefu, kilichokatika katikati kwa kilio. Na hapo kijiji kizima kikaamka kama kilichokuwa kinangoja ishara hiyo kwa miaka. Watu wakakimbilia matenga. Vijana wakaacha vibanda na matope yangali mikononi. Mzee asiye na meno akatoka na kipande cha kamba, akisisitiza kwamba kamba yake ndiyo imara. Maganga naye akaja anachechemea, ameyabeba matenga yake mawili.

Mihayo akamwahi, akamshika bega kwa upole. "Maganga ndugu yangu, wewe baki. Mbali kule, na mguu wako huo."

Maganga hakuyatua matenga. "Nyama yako nimeila miaka yote, na sikatai, imeninenepesha," alisema. "Lakini mchoyo kama wewe, Mihayo, sijapata kumwona. Ulitupa kila kitu, ukatunyima nafasi ya kukupa."

Mihayo akaondoa mkono begani pa rafiki yake. Wakaondoka wote.

Walifika, wakakuta fisi wameanza kuikaribia miiba, wakawafukuza kwa kelele. Nyama ilipogawanywa kwenye matenga, kila mtu alipata mzigo mdogo hata mmoja wao akalalamika kwamba anaonewa. Mihayo akainama kuchukua pembe, mkono ukasita hewani. Akazisogeza mbele ya Maganga. Maganga akamtazama kuhakikisha kwamba si huruma, na alipoona si huruma, akainamisha kichwa, wakamtwika. Kwa kuwa pembe hutangulia, msafara mzima ulikwenda kwa mwendo wa mguu wa Maganga, polepole, watu wanaimba, pembe zinayumba juu ya nyasi kushoto na kulia. Mihayo alitembea nyuma bila kitu. Mwanzoni hakujua aiweke wapi mikono yake. Aliiweka nyuma, akaikunja kifuani, akaining'iniza tena. Baadaye Nyamizi akasogea, akaushika mmoja, na watu wa kule hawana desturi ya kushikana mikono njiani mbele za watu.

Nyama ilitosha. Wageni walikula wakasaza, na bibi arusi alivuka mto kichwa juu. Kabla ya chakula, Kalunde alipita kwa wageni wa heshima na birika na beseni, akiwanawisha mikono. Alipofika kwa Mihayo, mkono wa mwindaji ukanyooka kwa mazoea kulipokea birika ili ajinawishe mwenyewe. Kalunde akaliinua juu kidogo asilifikie, akangoja. Ilichukua muda. Kisha Mihayo akaikinga mikono yake miwili juu ya beseni, wazi, na Kalunde akaimiminia maji ya vuguvugu kidogo kidogo, akaisugua damu iliyokauka kwenye kucha, akarudia tena ingawa ilikuwa imeshatakata. Machozi yalimtoka Mihayo, naye hakuweza kuyafuta, kwa sababu mikono yake ilikuwa inaoshwa na mtu mwingine.

Nanyi mnaonisikiliza, wenye mabega mapana, mnaosifiwa kila mahali kwa kutoa: ni nani anayesimama leo mlangoni penu na tenga tupu, akingoja siku mtakayomwomba?