Maji Yaliyobaki Kwenye Kipimamvua

"Apimaye kwa macho, hulia kwa macho hayohayo." Mmeisikia kwa mpishi wa chuo akimkemea mwenzenu aliyekisia chumvi, mkacheka. Mimi siwezi kucheka. Methali hii ilianza hivi, na nilikuwapo.

Nilikuwa nikifundisha sayansi ya angahewa katika chuo kimoja cha milimani. Kila mwanafunzi alipewa wiki yake ya zamu. Saa tatu asubuhi alipaswa kupanda kilimani kwenye kipimamvua, amimine maji katika gilasi yenye mistari, asome, kisha apige simu ofisi ya bondeni. Kwa namba hiyo waliamua kama watu wa kando ya mto wahame au wakae.

Nsajigwa alikuwa mwanafunzi wangu bora. Alitazama wingu akakwambia litamwaga kiasi gani, na mara nyingi alipatia. Nami, kwa upumbavu wangu, nilimsifu mbele ya darasa zima: "Huyu jicho lake linaishinda gilasi!" Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Zamu yake iliangukia Aprili. Kulikuwa na baridi na tope, na kilima kinateleza. Siku ya kwanza alichungulia dirishani akaandika namba. Siku ya pili akafanya vilevile: milimita kumi na mbili. Akapiga simu bondeni.

Saa nne dada yake, Tusekile, aliyelima mpunga kule bondeni, alimpigia. Nilikuwa karibu, nikayasikia yote.

"Kaka, mto umebadilika rangi. Nibebe watoto twende kwa mama?"

"Mvua ilikuwa ndogo, dada. Nimepima mwenyewe. Wewe palilia mpunga wako."

"Haya, kaka. Wewe ndiye msomi wetu."

Mto ulifurika alasiri. Ulimchukua Tusekile na kitindamimba wake.

Nilipopata habari nilipanda kwenye kipimamvua, Nsajigwa akinifuata. Maji ya siku mbili yalikuwa mle ndani, hayajaguswa. Nilimimina gilasi baada ya gilasi, nikapata milimita mia moja na arobaini. Nilimgeukia. Alikuwa ameketi kwenye tope.

Msibani alianguka miguuni pa mama yake, akaungama mbele ya watu. Mama hakumlaani. Alimshika kidevu, akamwinua uso.

"Mwanangu, ulipima kwa macho. Basi lia kwa macho hayohayo, maana yangu yamekauka."

Waombolezaji waliyabeba maneno yale, yakaenea hadi jikoni kwenu. Nsajigwa hakurudi darasani. Mimi nimestaafu, lakini saa tatu ikifika bado napanda kile kilima na gilasi mkononi. Mama yule hakujua ni nani aliyemfundisha mwanawe kuliamini jicho lake. Sikuthubutu kumwambia, na aibu hiyo ninayo hadi leo.

Apimaye kwa macho, wanangu, hulia kwa macho hayohayo.