Chungu chenye Alama Mbili

"Mlia ngoa huvunja chungu chenye udongo wake." Mmemsikia shangazi yenu akimtupia jirani maneno hayo, mkacheka bila kujua mnachochekea. Methali hii ilianza hivi.

Bi. Zawena alikuwa na karakana mbili za ufinyanzi, moja Upareni na nyingine Kyela. Desturi yao ilikuwa kwamba kila aliyechangia chungu huchorewa alama yake chini ya kitako. Basi vyungu vikaanza kupasuka kwenye majiko ya gesi, wateja wakamkimbia. Akaagiza karakana zipelekeane udongo na maarifa ya kwao. Atakayetengeneza chungu kisichopasuka atakuwa fundi mkuu wa zote.

Namkunda, fundi wa Upareni, aliutaka ukuu huo kuliko chakula. Udongo wake aliupeleka Kyela shingo upande. Pumba za mpunga alizoletewa kutoka huko, achanganye na udongo, aliwamwagia kuku.

"Watu wa mpunga wanifundishe mimi kufinyanga?"

Siku ya majaribio, Bi. Zawena alileta Upareni chungu cha Tupokigwe, fundi wa Kyela. Vyungu viwili vikainjikwa. Cha Namkunda kilipasuka maharage hayajachemka, moto ukazimika. Cha Tupokigwe kiliivisha.

Kilipopoa, Bi. Zawena akatoka kidogo; Namkunda akamwaga maharage yake, akakigonga kwa kidole. Kikalia vizuri. Wivu ukampanda. Mwanamke asiyeujua hata mlima wetu ndiye aje kumwamrisha hapa! Akakiachia kikaanguka sakafuni.

"Kimeniteleza, mama," alisema Bi. Zawena aliporudi.

Bi. Zawena aliinama, akaokota kitako. "Hiki ulikigeuza ukakitazama?"

"Ya nini? Alama ya Tupokigwe naijua."

"Kitazame."

Palikuwa na samaki wa Tupokigwe. Pembeni yake palikuwa na kichana, alama ya Namkunda mwenyewe.

"Pumba za kwao, udongo wako," alisema Bi. Zawena. "Tupokigwe mwenyewe alisema bila udongo wako kisingestahimili moto. Nilikuja kuwapa ukuu nyote wawili."

"Na sasa, mama?"

"Sasa mkuu ni mmoja, mwanangu. Chungu kinachoteleza hakimwagwi maharage kwanza. Mtu anayevunja nitamkabidhije mafundi wangu?"

Namkunda akaokota vigae huku machozi yakimtoka. Kwa hiyo mkimwona mtu amekinyanyua chungu cha mwenzake kwa hasira, mwambieni akigeuze kwanza. Mlia ngoa huvunja chungu chenye udongo wake.