Chungu cha Mtu Mmoja

Hadithi yangu ya leo haina mwisho. Mwisho mtanipa nyinyi, na nawaonya mapema kwamba niliwahi kuisimulia mahali fulani, mke na mume wakanuniana siku mbili kwa sababu yake. Basi sikilizeni vizuri, hata wewe unayechungulia simu.

Katika mji mdogo chini ya milima ya Upare walikuwako wanawake watatu. Naetwe alijua udongo, Eliwaza alijua simu, na Mwanjaa alijua kufunga mzigo. Kila mmoja aliishi peke yake, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno juu ya hilo. Upweke watu huuonea haya kuliko hata kukosa chumvi.

Naetwe alikuwa mjane wa miaka sitini na tatu. Maisha yake yote alifinyanga vyungu vikubwa vya makande, vya nyumba zenye watu. Mumewe alipofariki na watoto wakatawanyika, aliendelea kupika katika chungu kilekile, akala makande yaleyale siku tatu mpaka yakachacha. Siku moja alichoka. Akafinyanga chungu cha kumshibisha mtu mmoja, chenye kifuniko chake, akapika, akala, akamaliza. Akalia kidogo. Kisha akatengeneza vingine ishirini, akavipeleka gulioni.

Gulioni walimcheka. Huko kwao chungu lazima kibakize sehemu ya mgeni, hata kama mgeni haji.

"Mama Naetwe, hiki cha nani, cha mwanasesere?" mmoja akauliza.

"Ukimpa mtu hiki umemwombea abaki peke yake," akasema mwingine, na hakutaka hata kukigusa. Naetwe akarudi navyo vyote ishirini.

Eliwaza alikuwa na kibanda cha kuchaji simu karibu na stendi. Mchumba wake alimwacha harusi ikiwa imeshatangazwa, na tangu hapo chakula chake cha jioni kilikuwa chipsi za kwenye mfuko. Alipoviona vile vyungu hakucheka. Akavipiga picha, akaviweka mtandaoni vionwe na kila mtu: "Vyungu bora kwa familia yako." Watu elfu moja waliviona, wakacheka kama wale wa gulioni.

"Tunawaita watu wote, na wengi wao wana familia," akamwambia Naetwe. "Hebu niwaite wachache."

Wiki mbili aliwatafuta hao wachache. Akaingia katika makundi ya wauguzi waliopangiwa kazi mbali na kwao, ya walimu wapya, ya wajane, ya wastaafu. Akalipia tangazo liwafikie wale waliokuwa wakiuliza mtandaoni wali wa nusu kikombe unapikwaje. Akaandika: "Kwa wewe unayepika peke yako." Safari hii hakuna aliyecheka. Walimwandikia mmoja mmoja, pembeni, kama mtu anayenong'ona dukani: "Dada, naomba kimoja."

Lakini vyungu kumi vya kwanza vilifika vigae. Mteja mmoja wa Songea alituma picha ya vipande kwenye sahani. "Hata chungu kimekataa kukaa nami," akaandika.

Ndipo akaja Mwanjaa. Alikuwa mtu wa Handeni, aliyezeekea sokoni akipanga nyanya na mayai kwenye matenga. Mumewe alikwenda machimboni kwa miezi mitatu, na sasa ulikuwa mwaka wa sita. Mwanjaa alikijaza kila chungu majani makavu ya migomba, akakizungushia mengine kwa nje, akakitia kwenye boksi. Kisha akalinyanyua boksi mpaka begani, akaliachia lianguke, akatega sikio.

"Likilia, nafungua naanza upya," alisema.

Kuanzia siku hiyo hakikuvunjika hata kimoja, kiwe kinakwenda Songea au Bukoba. Biashara ikasimama imara.

Mnadhani walifurahi? Ngojeni. Naetwe hakwenda tena gulioni, maana wateja wake walikuwa mbali. Akawakosa hata wale waliomcheka, kwa kuwa walau walikuwa wakimsalimu. Eliwaza aliitwa dada na watu mia tatu wasioijua sura yake. Na Mwanjaa, wateja hawakujua hata kwamba yupo. Nani amewahi kumshukuru mtu kwa kitu ambacho hakikuvunjika?

Siku moja ukaingia ujumbe wa sauti kutoka Lindi, wa mteja wao Bi Somoe, mkunga mstaafu.

"Wanangu, miaka arobaini nimepokea watoto wa watu, na wa kwangu sina. Tangu chungu chenu kifike nimejua kuwa wenzangu wapo. Sasa nifinyangieni cha watu wawili. Mmoja wenu, anayestahili zaidi, akilete mwenyewe akae nami masika yote, tule pamoja. Nauli juu yangu. Ila mmoja tu. Mkija watatu mtazungumza wenyewe kwa wenyewe, nami nitabaki vilevile."

Naetwe akakifinyanga. Siku mbili nzima kila mmoja alimwambia mwenzake, "Nenda wewe." Lakini Naetwe alikuwa ameshafua khanga zake nzuri, Eliwaza ameshabandika karatasi kwamba kibanda kitafungwa, na Mwanjaa ameshamwomba jirani amlishie kuku. Asubuhi ya safari wakakutana stendi wote watatu, kila mmoja na begi lake. Uongo ukaishia hapo.

"Bila mimi hakuna chungu," alisema Naetwe. "Nilichekwa kwa ajili yake, nyinyi hamkuwapo."

"Na bila mimi, mama, vingekuwa uvunguni mwa kitanda chako mpaka leo," alisema Eliwaza. "Bibi huyu alikuwa mmoja katika nchi nzima. Nani alimtafuta?"

"Mngempelekea vigae," alisema Mwanjaa taratibu. "Angewaita wanangu?"

Najua mtakachosema: kwa nini wasile pamoja wao watatu, hapohapo kwao? Mimi pia niliuliza. Nikaambiwa kwamba walikuwa wamefanya kazi pamoja mwaka mzima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia mwenzake karibu chakula. Sasa kila mmoja aliona haya kuwa wa kwanza. Na hata wangekula, Bi Somoe angekula na nani?

Basi likawashwa. Kondakta akawaambia wapande au wasogee. Simu ya Eliwaza ikaita, akaiweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Wanangu, nimeshatandika kitanda," alisema Bi Somoe. "Nitakuja stendi mwenyewe kumpokea. Hebu nitajieni jina lake, nianze kulizoea."

Wakatazamana.

Je, wewe ungemtajia nani? Jibuni upesi, bibi wa watu anasubiri kwenye simu.