Kanga, Korongo na Tone la Jichoni

Jamani, nina kisa!

Tupe!

Kirefu au kifupi?

Kitamu!

Haya, sogeeni. Aliye na mtoto ampakate.

Hapo zamani, zamani za kale, ndege walikuwa na adui aitwaye Kideri. Kideri ni ugonjwa. Alikuja kila kiangazi, akapinda shingo za vifaranga, akaondoka nao.

Mama Kanga aliangua vifaranga wengi. Kideri akawachukua, akamwachia mmoja tu ambaye hakumgusa, jina lake Madoa. Kiangazi kingine kilipokaribia, Mama Kanga hakula akashiba.

Ndipo akaja Daktari Korongo. Alitoka mbali, vidole vimechubuka, kichupa kinaning'inia shingoni. Akasimama kwa miguu yake mirefu, akasema, "Wapendwa, tone hili la jichoni lina virusi vilivyodhoofishwa. Vitachochea mwili kutengeneza kingamwili!"

Ndege wakatazamana.

"Amesema nini?" akauliza Njiwa.

"Sijui," akajibu Kwale, "lakini nimeogopa."

Wakatawanyika.

Siku ya pili Korongo akafupisha. "Nitawatia ugonjwa kidogo machoni!"

"Mmesikia?" Kwale akapiga kelele. "Katuletea Kideri kwenye kichupa! Huyu shingo ndefu katumwa atumalize!"

Wakamrushia mchanga. Mama Kanga hakurusha. Alimwona Korongo akikikinga kichupa kwa bawa, macho yake mwenyewe akiyaacha yajae mchanga. Akajisemea, "Anayekinga hivyo hakuja kuua."

Siku ya tatu akamfuata peke yake.

"Baba Daktari, sikuelewa hata neno moja. Nina mtoto mmoja tu. Niambie polepole."

Korongo akakunja miguu yake, akaketi mavumbini, jicho lake likawa sawa na la Mama Kanga.

"Dada, ninyi kanga mnawafundishaje watoto kumjua nyoka?"

"Mtoto akianza kutembea, tunamtafutia gamba ambalo nyoka amelivua. Analizunguka, analidonoa, anapiga kelele. Gamba halimuumi. Lakini siku nyoka mwenyewe akija, mtoto anamjua kabla hajafika."

Korongo akachangamka kama aliyepewa maji.

"Basi ni hivyo hivyo, dada. Mwili wa Madoa haumjui Kideri. Akija leo ataukuta umelala. Ndani ya tone hili yumo Kideri aliyeng'olewa meno. Mwili utamwona, utamdonoa, utajifunza sura yake. Siku Kideri mwenye meno akija, utakuwa macho."

"Mtoto hataumwa?"

"Huenda akasinzia kidogo. Sitakudanganya. Nitakaa nanyi mpaka achangamke."

Mama Kanga akamtazama mwanawe.

"Mtie."

Tone likaanguka. Madoa akapepesa jicho, akasinzia. Jua lilikuwa kali. Korongo akasimama juu yake, kivuli kikamfunika mtoto, na kila jua liliposogea, naye akasogea. Jioni Madoa akafumbua macho. "Mama, mchwa wako wapi?"

Mama Kanga akaenda kiota kwa kiota, akieleza habari ya gamba na meno. Njiwa akaja, na wengine wakaja. Kwale akaja wa mwisho, ameinamisha kichwa.

"Nitilie na wangu, shingo ndefu. Lakini usinianzishie yale maneno yako!"

Korongo akacheka. "Nimeyaacha mtoni, dada. Lete watoto."

Kiangazi kikafika. Kideri naye akafika, akapita bonde lote. Asubuhi Kwale akaja mbio, analia.

"Mama Madoa! Wangu wote wamesimama! Wote! Wako je?"

"Sijathubutu kutazama."

"Njoo basi, tutazame pamoja."

Wakasogea, bega kwa bega, wakachungulia kichakani. Madoa alikuwa anavutana na mnyoo wa ardhini mrefu kuliko yeye. Shingo yake ilikuwa imenyooka kabisa.

Wanangu, mwenye elimu aketi chini na asiyeelewa, amweleze kwa mambo ya nyumbani kwake. Na asiyeelewa asione haya kuuliza. Swali la mama mmoja liliwaponya watoto wa bonde zima.

Kisa changu kimefika mwisho wa njia. Aliyesikia amsimulie mwenzake. Aliyesinzia abebwe taratibu, akalale.