Kwa Nini Maji Huganda Kileleni na Pombe Kali Haigandi

Zamani hizo kilele cha mlima kilikuwa cheusi, na hapakuwa na kitu kilichoganda duniani. Huko juu waliishi dada watatu wa tumbo moja: Samli, mkubwa wao, mzito wa mwendo; Maji, wa katikati; na Kileo, kitindamimba, mcheshi asiyejua kutulia. Kila mmoja alikuwa na watoto wadogo wasiohesabika, nao walishinda wakikimbizana mteremkoni. Maji alizipenda sana asubuhi zile. Aliketi kizingitini akasikiliza vicheko, asijue watoto wake ni wepi na wa ndugu zake ni wepi.

Kisha Upepo akahamia mlimani. Kila alipopita alichukua watoto kadhaa, wasionekane tena. Kwa Kileo ndiko alikochukua wengi zaidi, kwa kuwa wanawe hawakuwa na mazoea ya kushikana.

Ndipo akaja Baridi, mgeni wa maneno machache. Alisema angewatuliza watoto, Upepo asiwaweze, mradi washikane. Kwa Samli hakufika hata mlangoni. Watoto wake walikuwa warefu, wamezoea kulala ubavu kwa ubavu kama kuni katika mzigo. Walipohisi pumzi yake kwa mbali tu, wakatulia.

Kwa Maji ilibidi aingie ndani.

"Wanao wana mikono mizuri," alimwambia. "Wakishikana, si rahisi kuwabandua. Lakini hawatakimbia tena."

Maji aliwatazama wakirukaruka uani, akatamani siku ile isiishe. Kisha akawaita. Kila mtoto alinyoosha mikono, akawashika jirani zake huku na huku, na kwa kuwa mikono ilikuwa imenyooka, wakahitaji nafasi kubwa kuliko walipokuwa wakicheza. Kuta za nyumba zikapasuka. Kelele zikakoma, mlima ukawa mweupe.

Kileo alipoona hivyo alikuja mbio. Maji akamsihi awakusanye na wake.

"Nimejaribu, dada," Kileo akasema. "Wangu wana mkono mmoja tu wa kushikia. Wakishikana upande huu, upande wa pili wanachomoka."

Baridi alienda kwake, akakaa hadi akachoka, na watoto wakaendelea kucheza. Mwishowe Kileo akawabeba wale waliobaki, akateremka nao mabondeni, akawaficha ndani ya vibuyu na kuviziba midomo. Maji alitaka kumkumbatia kabla hajaondoka, lakini nyumbani kwake hapakuwa na mkono uliobaki huru.

Na tangu siku hiyo, samli huganda hata jikoni, asubuhi yenye ubaridi kidogo tu. Maji huganda huko juu, penye baridi kali. Pombe kali haigandi hata huko, na ukiiacha wazi hupungua, maana Upepo hajaacha tabia yake. Lakini jua likiwaka kileleni, baadhi ya watoto wa Maji huachiana mikono, wakashuka mito na mifereji hadi mabondeni. Na wakimkuta mama yao mdogo, hujichanganya na wanawe palepale, na hakuna jicho liwezalo kuwatenga.