Kasuku wa Ma Kemilembe

Kinda asiyevunja mbegu hajaagana na mama. Mmemsikia shangazi yenu akimjibu hivyo mtu aliyetaka kuuziwa mbuzi anayenyonya, nanyi mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Basi yalianza hivi.

Katika kijiji kilichopakana na msitu, Kokugonza alikuwa anaolewa mbali, ng'ambo ya ziwa. Baba yake alikwisha kufariki, na ndugu hakuwa nao. Kila alipomwazia mama yake, Ma Kemilembe, akila peke yake katika nyumba isiyo na sauti, alirudisha tonge sahanini. Akaamua kumwachia kasuku.

Akaenda kwa Mzee Rwiza, mfugaji wa kasuku. Akamkuta kinda mmoja ndani ya sanduku la kutagia, akaomba apewe.

"Bado," akasema Rwiza. "Huyu analishwa na mama yake mdomoni. Simtoi kinda mpaka anayemtaka akae hapa, amwone kwa macho yake akivunja mbegu na kula mwenyewe. Njoo baada ya mavuno ya maharage."

"Mzee wangu, harusi ni Jumamosi!"

"Harusi ni yako, binti. Ndege hajachumbiwa."

Kokugonza alicheka kwa adabu, lakini moyoni alikereka. Kesho yake akaenda mnadani, akampata mchuuzi mwenye makinda ndani ya tenga.

"Mchukue angali hana manyoya," mchuuzi akamwambia. "Akilishwa na mama yako, atamwona yeye ndiye mzazi. Ukingoja akue, atakuwa mkali, atawang'ata."

Maneno yakamwingia. Akarudi na kinda, akamlisha uji wa ndizi.

Kulipokucha, kinda alikuwa wa baridi. Kifuko cha chakula shingoni kilikuwa kimevimba, kigumu kama kokwa. Uji wa jana haukuwa umeshuka. Alifumbua mdomo, sauti haikutoka.

Ma Kemilembe alimtazama ndege, kisha akamtazama bintiye. "Asife humu, mwanangu. Upweke nitauzoea. Hili sitalizoea."

Kokugonza alimfunga kinda ndani ya khanga, akamweka kifuani, akatoka mbio. Njiani hakuthubutu kufunua. Alisikia mapigo ya moyo, asijue ni ya ndege au ni yake mwenyewe.

Rwiza hakumgombeza. Aliuliza tu, "Uji ulikuwa wa moto?"

"Ulikuwa umepoa."

"Uliopoa haushuki," akasema mzee, akamshika kinda viganjani mpaka akapata joto. Akamdondoshea maji ya uvuguvugu, akawa anakisugua kile kifuko kwa ncha ya kidole, taratibu, bila kuinua macho. Kokugonza alisimama akikitazama kidole hicho. Jua lilikuwa limepanda sana kifuko kilipoanza kulegea.

"Mimi nimefika mwisho," akasema Rwiza. Akamlaza kinda kandoni mwa yule wake, ndani ya sanduku.

Kasuku jike, mama wa yule kinda wa Rwiza, akatutumua manyoya.

"Akimkataa je?"

"Atamuua."

"Basi mtoe, Mzee!"

"Nikimtoa, atakufia wewe. Nyamaza."

Jike alimvuta mgeni kwa bawa, akamgeuza. Akamgeuza tena. Kokugonza aliuma pindo la khanga. Ndege akatulia kitambo, kichwa upande. Kisha akainama, akaubana mdomo wa kinda kwa mdomo wake, akaanza kutikisa shingo, akimtemea chakula. Kokugonza akakaa chini pale pale.

Jumamosi aliolewa, akavuka ziwa, akaiacha nyumba bila sauti.

Maharage yalipovunwa, Ma Kemilembe alikwenda kwa Rwiza, akakaa na mbegu ya alizeti kiganjani. Yule kinda wa mnadani, sasa mwenye manyoya ya kijivu, aliipokea, akaiangusha, akaachama akiomba kulishwa. Mke wa Rwiza akamwonea huruma mgeni wake. "Mchukue tu, dada. Atajifunzia kwako."

Ma Kemilembe alitikisa kichwa, akarudi mikono mitupu kwenye nyumba yake tupu. Akaja tena, na tena. Siku moja mbegu ikalia *kwa!* mdomoni mwa kinda, na maganda yakamwangukia mapajani.

"Umechoka kungoja?" Rwiza akamuuliza.

"Nimechoka. Lakini binti yangu nilimwachia aende kwa sababu niliona anajiweza. Huyu naye ana mama yake." Akamnyooshea kasuku mkono, naye akapanda mwenyewe. "Kinda asiyevunja mbegu hajaagana na mama."